Skrubu ndogo za kompyuta zilizogoma: tupeane uzoefu, hasa sisi tunaoishi na chumvi

MwanaMkomani

Assalaam aleikum nyote.

Nina laptopu ya dada yangu mezani tangu juzi. Anachapisha kadi za harusi, na kazi zake za miaka mitatu zote zimo humo. Feni inalia na mashine inachemka, kwa hiyo nilitaka nifungue tu, nitoe vumbi, nibadilishe grisi ya prosesa. Chini kuna skrubu kumi. Tisa zimetoka vizuri. Ya kumi, ile ya pembeni karibu na tundu la chaja, imekataa. Nimejaribu mara tatu. Mara ya tatu nikahisi bisibisi inaruka, nikaacha.

Nimeimulika kwa tochi ya simu. Alama ya msalaba bado inaonekana, ila kingo mbili zimeanza kulika, na kuzunguka kichwa kuna unga mweupe kama chumvi iliyokauka. Laptopu hii ilikuwa inalala kwenye kidaka cha chumba cha juu, dirisha linaangalia bahari. Mnajua wenyewe kusi likivuma: ukipitisha kidole juu ya meza asubuhi unauhisi unyevu wa chumvi.

Sitaki kuiharibu mali ya dada yangu. Naomba mnisimulie yaliyowapata nyinyi wenyewe: skrubu ilikuwa wapi, mlitumia nini, ikatoka au mkavunja nini. Hata waliovunja waseme, hao ndio watakaonisaidia zaidi.

FundiLangoni

Wa aleikum salaam. Umefanya jambo la maana kuacha mara ya tatu. Skrubu nyingi ninazoletewa hapa mjini zimeuliwa na jaribio la nne na la tano.

Yaliyonipata mimi: miaka ya mwanzo nilikuwa na bisibisi moja ya nyota ndogo, nikiitumia kwa kila kitu. Siku moja nikaletewa laptopu ya mtu wa hesabu, nikala vichwa vya skrubu nne kwa jioni moja. Baadaye ndipo nikagundua kwamba zilitaka namba 0, na mkononi nilikuwa na namba 00. Zinafanana kwa macho, lakini ile ndogo inaelea ndani ya tundu na kushika ncha tu za kuta. Tangu hapo kila skrubu naipima kwanza. Naiweka bisibisi wima, naisukuma kushoto na kulia kwa kidole. Ikicheza, si yake.

Kingine ni kwamba ule msalaba wenyewe una tabia ya kuitema bisibisi. Umbo hilo lilipewa hataza Marekani mwaka 1936 kwa jina la Henry Phillips, na kuta zake zimelala mteremko badala ya kusimama wima. Ukizungusha bila kukandamiza, ncha inapanda mteremko na kutoka, na kila inapotoka inakwangua chuma. Kwa hiyo nguvu kubwa iende chini, ndogo iende kwenye kuzunguka. Mashine ikae juu ya meza ngumu, si mapajani wala kitandani.

Na kabla hujalegeza, kaza kidogo. Kaza, mpaka uhisi imesogea hata unywele mmoja, ndipo ulegeze. Mshiko wa kutu unavunjika upande wowote utakaosukumwa kwanza, na upande wa kukaza mara nyingi kuta za msalaba bado nzima.

Swali moja muhimu: hicho kifuniko cha chini ni plastiki au alumini?

MwanaMkomani

Ni alumini, ami. Kinapoa ukikigusa.

BintiShela

Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wageni. Mgeni aliacha laptopu ya zamani tuitumie mapokezi, nikataka kuiongeza memori. Skrubu mbili za mlango wa memori zilikuwa zimelika kabisa, zimekuwa kama vishimo vya mviringo. Nilikata kipande cha glavu ya mpira, nikakilaza juu ya skrubu, nikakandamiza bisibisi juu yake na kuzungusha polepole sana. Moja ilitoka. Ya pili ilikula glavu vipande vitatu na haikusogea, nikampelekea fundi.

Kwa hiyo mpira unasaidia pale kichwa kilipolika lakini nyuzi za chini hazijakwama. Zikiwa zimekwama, mpira unakatika tu.

MwalimuWaBara

Nafundisha upande wa Mpeketoni, tuna chumba cha kompyuta za mezani. Kwetu chumvi ni kidogo; adui yetu amekuwa skrubu zilizochanganywa.

Kwenye kompyuta za mezani kuna aina mbili zinazokaribiana. Diski kuu kubwa, zile za inchi 3.5, zinatumia skrubu yenye nyuzi pana, 32 kwa kila inchi. Diski ndogo za inchi 2.5 na vichezeshi vya CD vinatumia M3, yaani ya unene wa milimita 3, yenye nyuzi za karibu zaidi: kutoka uzi hadi uzi ni nusu milimita. Mtu aliyetangulia kuzifungua mashine zetu alizimwaga zote kwenye bakuli moja, akarudisha yoyote aliyoikamata. Nene ikilazimishwa kwenye tundu la nyembamba inaingia mizunguko miwili, inakata nyuzi mpya, halafu inakwama humo.

Mashine iliyoniuma zaidi ni ile ambayo skrubu ya mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, ilikuwa inazunguka tu bila kupanda. Nilidhani imelika. Kumbe kiguzo cha shaba kilicho chini yake ndicho kilikuwa kinazunguka nayo. Nikaendelea kuvuta huku nazungusha, ubao ukapinda, bisibisi ikateleza na kuchora mstari wa sentimita mbili juu ya zile njia nyembamba za umeme. Mashine haikuwaka tena. Nilihuzunika sana, kwa sababu wanafunzi wawili walikuwa wakiitumia kila siku.

Siku hizi skrubu ikizunguka bila kupanda, nasimama. Natafuta jinsi ya kukishika kiguzo kwa koleo jembamba kutoka upande wa pili, au nainua ubao kidogo kwa kadi ya plastiki ili nyuzi zishikane, ndipo nazungusha. Na kila ninapofungua nachora umbo la mashine kwenye karatasi, kila skrubu naibandika kwa selotepu mahali pake kwenye mchoro.

BahariaMokowe

Yangu iliingia maji ya bahari. Tulikuwa tunavuka na boti, wimbi likapiga, begi likalowa. Nikaikausha juani siku mbili nikadhani imepona. Baada ya mwezi nataka kuifungua, skrubu za chuma zote zina kutu nyekundu.

Nilikosea hivi: nilichukua mafuta ya kopo ya kulegeza kutu nikapuliza moja kwa moja. Skrubu mbili zililegea, lakini mafuta yalipita chini ya kibodi, herufi zikaanza kunasa, na plastiki ya pembeni ikafanya nyufa. Kwa mashine iliyofuata nilipuliza mafuta kwenye kifuniko cha chupa, nikachovya sindano, nikadondosha tone moja tu kandokando ya kichwa. Nikaiacha hadi asubuhi, nikafuta kwa alkoholi safi ya isopropili. Ikatoka. Kama mashine inaweza kulazwa ubavu, ilaze ili tone lisikimbilie ndani.

FundiLangoni

Baharia amesema kweli, na kwake kutu ilikuwa nyekundu. Mwanangu wa Mkomani, sasa nakujibu wewe.

Ule unga mweupe ulioona nadhani si chumvi. Kutu ya chuma ni nyekundu. Alumini inapoliwa hutoa unga mweupe. Skrubu yako ni ya chuma na imekaa ndani ya alumini. Metali mbili tofauti zikigusana, katikati pakawa na unyevu wa chumvi, moja inailinda nyingine kwa kuliwa yenyewe, na hapa inayoliwa ni alumini. Na chumvi ya kawaida huvuta maji hewani ikishapita unyevu wa kama asilimia 75, kiwango ambacho hapa kisiwani tunakivuka usiku mwingi tu. Ule unga unachukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa, kwa hiyo unaibana skrubu kama kabari.

Dawa yake ni joto. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo pembe hiyo ikipashwa tundu linapanuka kuliko skrubu. Na kama watengenezaji walipaka kwenye nyuzi ile gundi ya buluu ya kuzuia skrubu isilegee, joto litailainisha pia.

Lakini betri imo ndani na hujaweza kuichomoa. Itumie laptopu mpaka chaji ishuke kama robo, izime kabisa, chomoa chaja. Betri nyingi ziko upande wa mbele, chini ya mahali unapolaza viganja, na skrubu yako iko nyuma kwa chaja, umebahatika. Tumia mashine ya kukaushia nywele, wala si moto wa gesi. Pasha pembe hiyo tu dakika moja au mbili, mpaka iwe ya moto lakini kidole kinavumilia kuigusa kidogo. Halafu kandamiza, kaza unywele, legeza.

MtotoWaMatondoni

Naongeza moja. Ami yangu ni fundi wa majahazi, na msumari uliogoma haanzi kuuvuta, anaugonga kwanza. Nilijaribu kwa skrubu ya laptopu: ncha ndani ya msalaba, nikagonga mpini kwa nyundo ndogo mara tatu, kwa wepesi kama unabisha hodi. Kutu ikapasuka na ncha ikakaa ndani zaidi. Ila msigonge mashine yenye diski ya kuzunguka kabla hamjaitoa, haipendi mshtuko. Yenye SSD, ile diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, haina shida hiyo.

Nimewahi pia kukata mfereji juu ya kichwa kwa kipande cha msumeno wa chuma, nikatolea bisibisi bapa. Ilifanya kazi, ila mavumbi ya chuma ni hatari, yakiangukia mazabodi yanaunganisha umeme pasipotakiwa. Nilifunika kila kitu kwa selotepu, nikaacha tundu la ukubwa wa punje ya mchele, na mwisho nikayanasa mavumbi kwa selotepu nyingine. Hiyo iwe njia ya mwisho kabisa.

BintiShela

Na supa gluu je? Kuna mtu aliniambia niigandishe bisibisi kwenye kichwa cha skrubu.

FundiLangoni

Dada, niliifanya mara moja tu. Gluu ilitiririka kandokando ya kichwa ikaigandisha skrubu palepale ilipokuwa. Siifanyi tena, na simshauri mtu.

MwanaMkomani

Nawapa habari. Jana baada ya Isha niliazima bisibisi namba 0 yenye ncha ngumu. Yangu kumbe ilikuwa 00, na ilikuwa ikicheza kama alivyosema ami. Chaji ilikuwa asilimia 22. Nikazima, nikapasha pembe dakika moja na nusu, nikagonga mpini mara tatu. Dada yangu alikuwa ameishika mashine kwa mikono miwili isisogee. Nikakandamiza kwa bega, nikakaza kidogo. Nilisikia "ta!" ndogo sana, kama mtu amevunja kijiti cha meno. Nilipogeuza upande wa kulegeza, ikaja.

Nyuzi zake zimejaa ule unga mweupe mpaka nusu, na juu kuna alama ya buluu. Kitu cha kwanza baada ya kuinua kifuniko nilichomoa betri. Feni ilikuwa na pamba ya vumbi nene kama kitambaa. Sasa imesafishwa, inazunguka bila kelele, na dada ameshaanza kadi za Ijumaa.

Skrubu yenyewe siirudishi, kichwa kimechoka. Nitapata wapi nyingine kama hii?

FundiLangoni

Alhamdulillahi. Nina kopo zima la skrubu za mashine zilizokufa. Pita dukani baada ya Alasiri, uje na hiyo ya kumi tuilinganishe urefu na kipimo. Usiweke ya kubahatisha: ikizidi hata milimita moja inaweza kutoboa mazabodi kwa chini. Lile tundu lisugue kwanza kwa mswaki mkavu mpaka unga wote utoke, na hiyo mpya tutaipaka grisi kidogo sana kwenye nyuzi, ya kutosha kung'aa tu.