Matete yanafyekwa, mizizi inabaki, mvua ikija tunachota maji sebuleni. Hizi hela zinalipia nini?

Wakuu, salaam.

Nimevumilia vya kutosha, leo naandika. Uzi huu ni wa matete yaliyojaa kwenye mtaro wetu huku bondeni, pembezoni mwa Mto Msimbazi hapa Dar, na ni wa watu wanaolipwa kuyaondoa ambao hawayaondoi. Mtaa siutaji, mkandarasi simtaji, wenyewe watajijua.

Kila masika inapokaribia wanaletwa vijana na mapanga na mafyekeo. Wanaanzia pale barabarani panapoonekana, wanafyeka hadi kwenye kalavati, picha zinapigwa, wanaondoka. Mpita njia ataona mtaro umekuwa mweupe na atasifu kazi. Sasa njoo ushuke mtaroni uone kilichoachwa. Tete limekatwa usawa wa goti, kisiki bado kibichi. Ukivuta hakitoki, maana chini ya tope kuna mizizi yenye unene wa kidole gumba, myeupe, ina pingili kama shina lenyewe, imetambaa na kushikana kutoka ukingo hadi ukingo. Kila pingili ina jicho lake. Akiba yote ya chakula cha mmea imo humo chini, tena mizizi mingine inashuka zaidi ya mita moja. Kufyeka tete ni kumnyoa mtu nywele ukasema umemtibu mapunye. Mvua ikinyesha wiki chache tu, machipukizi yanatoka makali kama misumari na mtaro unafunga tena.

Hilo la kwanza. La pili ndilo linaloniumiza zaidi: yale yaliyokatwa hayabebwi! Yanalazwa kwenye kingo za mtaro, eti yatakauka. Mvua kubwa ya kwanza inayazoa yote na kuyapeleka kwenye mdomo wa kalavati. Pale yanalala kwa kukingamana, yananasa mifuko, chupa, pampasi, viroba vya taka, na maji yanarudi nyuma kuja kwetu. Masika iliyopita jirani yangu, mama anayeuza vitumbua, aliamka usiku maji yako usawa wa kitanda. Mchele wake wa biashara, unga, mafuta, godoro la watoto, vyote vimekwenda. Asubuhi tulipoingia na sururu kuzibua lile kalavati tulitoa nini? Matete yaliyofyekwa na vijana waliolipwa kutuokoa na mafuriko. Mafungu kwa mafungu, bado yana alama za panga.

Na kile kipande chenye pingili kikitua kwenye tope bichi mbele huko, kinaota. Kwa hiyo mtaa wa chini yetu nao umepandiwa.

Kuna mwaka mtu mwenye akili zake akaamua kuyachoma. Moto ukapita juu, plastiki zote zilizonasa humo zikaungua, watoto wakakohoa usiku kucha, mizizi kwenye tope haikuguswa hata kidogo. Halafu likaja hili la dawa. Kijana ana bomba mgongoni, hana glovu, hana barakoa, anapuliza dawa ya kuua magugu ukingoni mwa maji, na hatua chache kutoka hapo kuna matuta ya mchicha na matembele yanayomwagiliwa maji hayohayo. Nilipouliza ni dawa gani hakuna aliyenijibu. Jamani! Dawa za aina ya glaifoseti zinaua kila jani la kijani zinaloligusa, hazichagui tete na mchicha, na baadhi ya michanganyiko yake ina viambato vinavyodhuru samaki na vyura, ndiyo maana si kila moja inaruhusiwa karibu na maji. Isitoshe, ukipuliza kwenye chipukizi dogo lililotoka kufyekwa unapoteza dawa. Inashuka vizuri hadi mizizini pale tete limekomaa na linarudisha chakula chini, kipindi cha kutoa yale mashada yake ya manyoya. Aliyepewa kazi hajui hata hilo.

Kabla hajatokea mtu wa kuniambia matete ni mazuri: najua. Matete si mgeni hapa kwetu. Yanashika kingo za mto zisimomonyoke, yanachuja maji, watu wanayatumia kwa uzio na dari. Huko Marekani wanahangaika na tete lililotoka Ulaya ambalo limevamia mabwawa na fukwe za yale maziwa yao makubwa, na hata wao, pamoja na pesa zote, wanarudia kazi mwaka hadi mwaka kwenye eneo lilelile, maana wameshaelewa kwamba kukata mara moja hakufanyi kitu. Letu limegeuka balaa kwa sababu tumelilisha. Mchanga unashuka kutoka vilima vya Pugu na kwenye kila kiwanja kinachojengwa, unajaza mtaro, tete linapata pa kushika. Kisha mvua ikianza watu wanatapisha vyoo humohumo. Hiyo ni mbolea, ndugu zangu. Tena wanaotapisha nawajua, na ni sisi kwa sisi, msitake niwasingizie viongozi kwa hilo.

Kuna wanaosema tulieni, mradi unakuja. Mradi wa bonde la Msimbazi naufahamu, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 uliopitishwa mwaka 2022, na nauombea ufanikiwe. Lakini mto ukichimbwa hadi Daraja la Selander huku mitaro inayouingia imezibwa na matete, maji ya mvua yatafika mtoni kwa njia gani? Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili, wengine wakahamishiwa Mabwepande. Tuliobaki mabondeni hatuhitaji kuelezwa maji yanafanya nini.

Ninachodai hakihitaji mtaalamu kutoka nje. Kazi ifanyike kiangazi, tope likiwa limeshikana, si wiki moja kabla ya mvua. Kiletwe kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kichimbe mizizi pamoja na tope lake, vyote vipakiwe kwenye lori siku hiyohiyo. Pale kijiko kisipofika, vijana wang'oe kwa sururu na warudi kila chipukizi likitokea, mpaka mizizi iishiwe nguvu. Penye maji yaliyotuama wakate chini ya usawa wa maji, maana visiki vikifunikwa na maji mizizi inakosa hewa na kuoza. Matete ya kwenye kingo za mto wenyewe yaachwe, hayo yanatulinda.

Halafu malipo. Mkandarasi asimaliziwe hela yake siku ya picha. Sehemu ya fedha ishikiliwe hadi mvua zipite, mwenyekiti wa mtaa na wakazi washuke mtaroni waangalie kama yameota tena. Yameota, arudi kazini kwa gharama zake. Leo analipwa kwa kufyeka, mwakani analipwa tena kwa kufyeka yaleyale, sasa ang'oe mizizi ili iweje?

Nimeomba kuuona huo mkataba, nikaambiwa si wa kuonyeshwa kila mtu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba na kujibiwa ndani ya siku 30, kwa hiyo naandika barua rasmi na nitaibandika nakala hapa. Mliowahi kuomba mkataba wa usafi wa mitaro huko Kigogo, Tabata, Mburahati, Hananasif, naombeni mniambie mlimwandikia nani na mlijibiwa nini. Na kama kuna mtaa wowote Dar ambao matete yalichimbwa na hayakurudi, taja ulipo. Nitakuja na majirani zangu tuone kwa macho jinsi mlivyofanya.