Wakuu, gesi inaumiza kifua au nirudi kwenye mkaa?

Mpangaji Mpole: Wakuu salaam. Tulihamia kwenye gesi mwaka jana, mkaa ulipopanda bei. Tangu hapo mke wangu akipika usiku kichwa kinamuuma, macho yanamwasha, na mtoto anakohoa hadi kutapika. Asubuhi wote wazima. Sufuria zinashika masizi. Je, gesi ina madhara, au nirudi zangu kwenye mkaa? Matusi hapana, nina mawazo.

Kiroboto: Sumu ni mapishi ya shemeji, gesi inasingiziwa.

Jongoo wa Mbagala: Mei 2024 serikali imezindua mkakati, ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Wewe unataka kutupunguzia idadi.

Mama Wawili: Pole baba. Mimi nimekulia kwenye kuni, Njombe. Mama yangu hajawahi kushika sigara lakini kifua chake ni cha mvutaji. Na msiba ukitokea kijijini, mpishi ni yeye, masufuria yale ya watu mia! Shukuru Mungu una gesi.

Nesi Mstaafu: Gesi haitoi moshi wa kuonekana, ila moto wake unazalisha naitrojeni dayoksaidi, inayochokoza njia ya hewa, hasa kwa mtoto mwenye pumu. Moto ukiwa wa njano badala ya bluu, kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu, nayo inaongezeka. Haina harufu, na dalili yake ya kwanza mara nyingi ni kichwa kuuma. Mnapikia wapi? Dirisha liko wazi?

Mpangaji Mpole: Ndani. Dirisha lipo, kubwa tu.

Nesi Mstaafu: Sijauliza kama lipo.

Mpangaji Mpole: Haya. Mama mwenye nyumba hataki gesi kwake, anasema ni bomu. Mkaa kibarazani ruksa. Kwa hiyo tunapika chumbani akishalala, dirishani tumeziba kwa kipande cha godoro asinuse vitunguu, chini ya mlango taulo. Kabla hamjanirukia: kodi nimelipa ya miezi sita, sihami. Mkaa nimeshaagiza gunia, na mtungi kuna jamaa kashanipa advansi. Mvua ikinyesha nitawasha jiko kibarazani, mkaa ukishakolea na moshi umeisha ndipo naingiza ndani. Kuna ubaya gani?

Nesi Mstaafu: USITHUBUTU. Mkaa uliokolea, ule mwekundu usio na moshi, unatoa kaboni monoksaidi nyingi kuliko hilo jiko lako la gesi. Watu wanaota moto usiku wa baridi, wanalala, asubuhi mlango unavunjwa. Wengine nimewapokea mimi.

Kiroboto: Jamaa anaficha gesi kama mchepuko.

Mzee wa Goba: Mwanaume jenga. Hata chumba kimoja bila plasta, utapika utakavyo.

Popo: Wakuu, hii chai. Mama mwenye nyumba mkali hivyo hajawahi kuona mtungi? Wa kilo ngapi?

Mpangaji Mpole: Kilo 15. Unakaa uvunguni.

Popo: Kilo 15 uvunguni! Kitanda chako mnapanda kwa ngazi? Chai, tena ya rangi.

Mpangaji Mpole: Tunaulaza, bwana! Tukipika tunausimamisha. Niweke picha?

Fundi Bana: Ishia hapo hapo. Mtungi haulazwi. Ndani gesi ni kimiminika, mvuke uko juu, na jiko linataka mvuke. Ukiulaza na regulata, kile kifaa cha juu kinachopunguza presha, ikiwa imeunganishwa, kimiminika kinaweza kupita hadi kwenye mpira wa gesi. Ukiwasha, moto haukurukii?

Mpangaji Mpole: Unaruka kidogo, halafu unabaki wa machungwa.

Fundi Bana: Basi masizi hayo. Bana nazo, pale moto unapotokea, zikiziba ni hivyo hivyo, zisafishe. Na gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa: ikivuja inatambaa chini, huko huko uvunguni, na taulo lako linaizuia kutoka. Leo usiwashe kitu. Toa godoro dirishani, acha mlango wazi, simamisha mtungi, funga valvu, mpira ukaguliwe.

Popo: Bado nasema chai. Ila fanya anachosema fundi.

Mpangaji Mpole: Na mama mwenye nyumba?

Mama Wawili: Nendeni na mkeo, mkae naye chini. Msimwombe chumbani, mwombeni jiko la gesi likae kibarazani, pale anaporuhusu mkaa. Fundi amwonyeshe linavyofungwa. Huyo anaogopa bomu, na kwa mlivyolaza huo mtungi hajakosea.

Mpangaji Mpole: Nitamwona Jumamosi. Tatizo ile advansi nimeshaila.

Fundi Bana: Jumamosi mbali. Dirisha umefungua?

Mpangaji Mpole: Wife ndo anabandua godoro.