Lango la simu hapa Shela: nifungie wanaokosea, niruhusu anwani maalumu, au VPN?

Fundi_Shela
Assalaam aleikum wandugu. Natunza mtandao wa nyumba ya wageni hapa Shela, Lamu. Tuna lango la simu za intaneti la vyumba vinane, na namba ya nje twaipata kwa kampuni ya SIP (lugha ambayo simu za intaneti hutumia kuitana). Ofisi yetu ya Mokowe ina simu mbili za mezani zinazojisajili kwenye lango hilo hilo, na mwenye nyumba hupiga kwa programu iliyo kwenye simu yake ya mkononi akiwa safarini.

Wiki iliyopita mgeni wa chumba cha juu alilalamika kuwa simu inalia saa tisa usiku, akiinua, kimya. Sikulitilia maanani. Siku ya tatu salio likaisha. Kufungua kumbukumbu za lango, nakuta mtu amejaribu kujisajili kwa 100, 101, 102, akapanda hivyo hivyo mpaka 201, ambayo paswodi yake ilikuwa 201. Kisha simu ishirini na kitu za nchi za nje, usiku mmoja.

Paswodi nimebadilisha zote. Lakini poti 5060, mlango wa SIP kwenye lango, bado iko wazi kwa dunia nzima. Naweza kuweka programu ya fail2ban imfungie anayekosea mara tatu, au ngome (firewall) ikubali anwani za IP ninazozijua tu, au kila mtu aingie kwa VPN, njia ya siri ndani ya intaneti. Mwaonaje?

NyayaMalindi
Waaleikum salaam, pole sana kaka. Nimetumia fail2ban miaka mitatu hapa Malindi. Inasaidia, ila ujue inavyofanya kazi: husoma kumbukumbu baada ya mtu kukosea. Yaani ameshafika mlangoni. Na hawa watu wana anwani nyingi, hii yajaribu mara mbili yaondoka, yaja nyingine. Hesabu yako ya mara tatu haitimii.

Siku moja ilitufungia wenyewe. Simu ya mhasibu ilibaki na paswodi ya zamani, ikajaribu kujisajili usiku kucha, na kwa kuwa simu zote za ofisi zatoka nje kwa anwani moja, asubuhi ofisi nzima ilikuwa bubu. Iweke, lakini iwe ya nyongeza. Kuhamisha 5060 kwenda namba nyingine pia hupunguza kelele tu. Anayepekua poti zote ataipata.

BintiAmu
Kwa upande wa kampuni ya laini sioni mjadala: ruhusu anwani zao tu. Waandikie wakupe orodha kwa maandishi, na uulize anwani za SIP na za sauti. Hapa ndipo watu wengi hupotea. SIP hubeba habari tu, nani anampigia nani, imelia, imepokewa. Sauti yenyewe hupita kwa RTP, kwenye poti nyingine za UDP (njia ya kutuma data bila kusubiri uthibitisho), na mara nyingi kutoka seva nyingine kabisa. Ukiisahau, waweza kukuta simu inalia, unapokea, aliyepiga anakusikia, wewe husikii neno.

Kwenye Asterisk, programu ya kuendesha lango la simu, RTP kwa kawaida huanzia 10000 hadi 20000. Kwa vyumba vinane huhitaji poti elfu kumi. Kila mguu wa simu hutumia poti mbili, kwa hiyo mia moja zatosha na kubaki. Weka masafa hayo hayo kwenye lango na kwenye ngome. Mimi hupanga hivi:

1. Ruhusu miunganisho iliyokwisha kuanzishwa
2. Ruhusu UDP 5060 kutoka anwani za SIP za kampuni
3. Ruhusu UDP 10000–10099 kutoka anwani za sauti za kampuni
4. Ruhusu usimamizi kutoka mtandao wa ndani
5. Kataa mengine yote, na uyaandike

Mpangilio una maana yake. Ngome husoma kutoka juu, na kanuni ya kwanza kulingana ndiyo inayotenda. Ya 5 ikipanda juu ya ya 2, umejifungia nje.

Fundi_Shela
Shukrani dada. Tatizo ni Mokowe. Pale twatumia intaneti ya simu, na anwani hubadilika kila ruta ikizimwa.

BintiAmu
Basi anwani usiiruhusu kabisa. Kwenye laini za simu, anwani moja ya nje mara nyingi hugawanywa kwa wateja wengi, utakuwa umewakaribisha watu usiowajua. Mokowe na mwenye nyumba wapite VPN. WireGuard, aina moja ya VPN, yataka poti moja tu ya UDP, kwa kawaida 51820, na asiye na ufunguo hajibiwi chochote, kwake ni kama hapana kitu. Mokowe iweke kwenye ruta, maana simu nyingi za mezani haziijui. Usisahau kuiambia itume ishara kila sekunde 25, la sivyo njia hujifunga na simu zinazoingia hazifiki.

NyayaMalindi
Na uzito je? Intaneti ya Mokowe jioni si ya kutegemea.

BintiAmu
G.711, mtindo wa kawaida wa kubeba sauti, hula kama kilobiti 80 kwa sekunde kila upande, na WireGuard yaongeza kama 24. Ikibana, tumia G.729, mtindo unaobana sauti zaidi: huwa kama 48 pamoja na VPN yenyewe. Simu mbili, itabeba.

Nahodha_Faza
Mawili kutoka kwangu. Zima SIP ALG, kipengele cha ruta kinachogusa ujumbe wa SIP, kwenye ruta zote mbili. Imewekwa kusaidia, lakini huvuruga anwani ndani ya ujumbe wa SIP. Dalili moja ya ujumbe kupotea njiani ni simu kukatika kwenye sekunde ya 32 hivi: lango limesubiri uthibitisho wa kupokelewa, haukufika, likakata.

La pili, usibadilishe kanuni ukiwa mbali bila kinga. Nilikuwa Malindi nikaweka kanuni ya kukataa juu ya ile ya kuniruhusu mimi. Muunganisho ukakatika pale pale. Nikapanda basi hadi Mokowe, kisha boti, siku nzima kwa mstari mmoja. Ruta za MikroTik zina Safe Mode, muunganisho ukikatika hurudisha hali ya mwanzo. Itumie kila mara.

NyayaMalindi
Na uwaambie kampuni wafunge simu za nje isipokuwa nchi unazohitaji, na waweke kikomo cha siku. Ngome haimzuii aliyeingia kwa paswodi halali.

Fundi_Shela
Wandugu, nimefanya yote. Kampuni walinipa anwani sita, nne za SIP na mbili za sauti. Mokowe simu zilikatika sekunde ya 32 kama alivyosema Nahodha. ALG ya ruta ya pale ilikuwa imewashwa. Nikaizima, nikaongea na karani dakika ishirini bila kukatika.

Kanuni ya 5 imehesabu pakiti (vipande vya data) 3,412 ilizokataa kati ya isha na alfajiri. Mgeni wa chumba cha juu amelala mpaka saa mbili asubuhi.