Kengele za moshi za umeme: waya wa tatu unafungwa wapi?

Mkazi wa Shangani
Wakuu, salaam. Nyumba ipo Shangani, Mtwara mjini: vyumba vitatu, sebule, korido ya mita 9 na jiko la ndani. Jipsamu haijafungwa, mabomba ya nyaya bado yanaonekana. Kengele zipo: mbili za moshi na moja ya joto, aina moja, volti 230, kila moja na betri ya akiba. Nyuma zina sehemu tatu za kufungia: L (waya wa moto), N (nyutro) na IC. Fundi anataka kuchukua umeme kwenye holda ya taa iliyo jirani, na IC aifunge kwenye ethi. Ni sawa? Na breka iwe ya peke yake?

Fundi Nyaya
Mkuu, msimamishe kwenye hayo mawili kabla dari haijafungwa.

IC si ethi. Ni waya wa mawasiliano: kengele moja ikinusa moshi, inapitisha ishara humo na zote zinalia pamoja. Ukiifunga kwenye ethi, jiko litalia peke yake na aliyelala chumba cha mwisho hatasikia. Kengele nyingi za namna hii hazitumii ethi kabisa, kwa hiyo waya wa ethi unaofika pale ufunge kwenye koneta ndani ya boksi, uendelee mbele.

Kuhusu holda: waya wa moto ulio pale umeshapita kwenye swichi. Ukizima taa, kengele inabaki na betri tu. Betri ikichoka inaanza kulia "pii" kila baada ya muda mfupi, mwisho mtu anaichomoa. Moto uchukuliwe kabla ya swichi. Kuhakikisha, zima swichi zote za taa kisha tazama kitaa cha kijani kwenye kengele. Kinatakiwa kibaki kinawaka.

Waya 1.5 mm² unatosha: nyekundu kwa L, nyeusi kwa N, na IC rangi nyingine kabisa, nyeupe kwa mfano. Njano-kijani usiitumie kwa IC hata kama ndiyo pekee iliyobaki kwenye roli. Fundi atakayekuja baadaye ataiona ni ethi na kuifunga hivyo. Unganisha kutoka kengele moja hadi nyingine, L kwa L, N kwa N, IC kwa IC. IC inaishia kwenye kengele ya mwisho, haifiki kwenye ubao wa breka.

Mzee wa Breka
Naongezea la breka. Kiwango cha Uingereza cha kengele za moto majumbani, BS 5839-6, kinakubali njia zote mbili: breka yake yenyewe, au ile ya taa zinazotumika kila siku. Mimi nasimama na taa za korido. Breka hiyo ikianguka, giza litakwambia usiku huohuo. Ya peke yake inaweza kukaa chini wiki nzima bila mtu kujua.

Lakini zote zitoke saketi moja. Ukizigawa kwenye saketi mbili zenye RCCB (breka inayokata umeme unapovuja) tofauti, ishara ya IC inarudi kwa nyutro ya upande wa pili na RCCB inaanguka bila sababu inayoonekana.

Na LUKU ikiisha yuniti, nyumba nzima inazima. Ndiyo maana betri ya akiba haina mjadala.

Mkazi wa Shangani
Nimeelewa, asanteni. Nizipange vipi?

Fundi Nyaya
Ya joto jikoni. Ukiweka ya moshi pale, samaki wa kukaanga watailiza kila jioni. Moja ya moshi katikati ya korido, nyingine sebuleni. Kila moja iwe angalau sm 30 kutoka ukutani na kwenye taa, na mbali na feni, maana upepo wake unafukuza moshi.

Tundu la bomba nyuma ya kengele lizibe kwa silikoni. Hewa ya moto chini ya mabati hushuka kupitia bomba hilo na kuusukuma moshi usiingie kwenye kengele. Sisimizi nao hupita humo humo.

Kofia ya plastiki ya kuzuia vumbi isitoke mpaka msasa wa jipsamu na rangi viishe. Mkipima nyaya kwa mega (kifaa cha kupima kama umeme unavuja kwenye nyaya) ya volti 500, kengele zote ziwe zimechomolewa, la sivyo mtaziunguza.

Mwisho bonyeza kitufe cha majaribio cha kila moja, usikiachie mpaka zote tatu zilie. Rudia kila mwezi, na andika kwa kalamu ya wino mzito mwaka wa kubadilisha uliochapwa nyuma yake. Nyingi ni miaka 10.