Prince of Darkness (1987): uchache wa fedha uliisaidia au uliiharibu?

Mdadisi wa Sinema:

Salaam wadau wa filamu za kutisha. Naomba maoni yenu kuhusu Prince of Darkness, filamu ya John Carpenter ya mwaka 1987, ambayo imetugawa sisi tunaotazama pamoja. Kwa ambao hawajaiona, padri mmoja mzee, anayeigizwa na Donald Pleasence, anakuta katika chumba cha chini cha kanisa lililotelekezwa mjini Los Angeles mtungi mkubwa wa kioo wenye kimiminika cha kijani kinachozunguka chenyewe, naye anamwomba profesa wa fizikia aje na wanafunzi wake wakichunguze kwa siku za mwisho wa juma. Wanafunga kompyuta na mitambo yao, wanaanza kupima, na muda si muda kimiminika kile kinaanza kuwaingia wapimaji wenyewe.

Filamu hii iligharimu takriban dola milioni 3. Baadhi yetu wanasema umaskini huo unaonekana kila mahali, kwa kuwa sehemu kubwa ni watu wanaozungumza kwenye vyumba vyenye giza. Wengine wanasema hofu yake yote inatokana na uchache huo huo. Ninyi mnaonaje? Na je, lile jaribio lina mantiki yoyote, au ni pambo tu la hadithi ya Shetani?

Mzee wa Filamu:

Ndugu Mdadisi, tuanze na fedha, kwa sababu hapo ndipo mijadala mingi ya filamu hii inapopotoka. Carpenter hakuangukia kwenye dola milioni 3 kwa kuwa hakuwahi kuaminiwa na kiasi kikubwa. Mwaka 1982 alipewa takriban dola milioni 15 atengeneze The Thing, na mwaka 1986 akapewa zaidi ya hizo kwa Big Trouble in Little China. Filamu zote mbili hazikupata watazamaji waliotarajiwa katika majumba ya sinema, naye akachoshwa na kufanya kazi chini ya studio kubwa. Ndipo alipoingia mkataba na kampuni ya Alive Films, ambao ulimpa fedha kidogo kwa kila filamu lakini ukamwachia maamuzi yote ya kisanaa. Prince of Darkness ilikuwa ya kwanza katika mkataba huo, na They Live ikafuata mwaka 1988.

Ukijua hayo, utaona kwamba uchache uliingizwa ndani ya hadithi tangu kwenye mswada. Jengo ni moja, muda ni mfupi, na hakuna anayeweza kutoka kwa sababu nje wamezingirwa na watu wasio na makazi waliotekwa na nguvu ile ile, wakiongozwa na mwanamuziki Alice Cooper, ambaye kazi yake kubwa ni kusimama na kutazama. Tena waigizaji Victor Wong na Dennis Dun aliwachukua kutoka kwenye filamu yake iliyotangulia, na Pleasence walikuwa wamefanya naye Halloween mwaka 1978, ambayo nayo ilitengenezwa kwa takriban dola 300,000 tu. Huyu si mtu aliyeshtushwa na mfuko mwepesi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni ile ndoto. Kila anayelala ndani ya kanisa anaota jambo lile lile: picha yenye chenga ya mlango wa kanisa, umbo jeusi likijitokeza, na sauti inayokatikakatika ikieleza kwamba hii si ndoto, bali ni ujumbe unaorushwa kutoka mwaka 1999. Sehemu hiyo ilirekodiwa kwa video, kisha ikapigwa picha upya kutoka kwenye kioo cha runinga. Sijui kama kuna madoido ya bei nafuu kuliko hayo, na bado ndiyo sehemu ambayo walioiona filamu hii huitaja kwanza.

Mwalimu wa Fizikia:

Mzee, shikamoo. Kuhusu ndoto nakubaliana nawe kabisa, lakini kuhusu mazungumzo siwezi kuitetea filamu. Wanafunzi ni wengi mno na wamechorwa kwa haraka, kiasi kwamba wa kwanza wanapouawa mtazamaji bado hajajua nani ni nani. Kasoro hiyo haitokani na ukosefu wa fedha, kwa maana mazungumzo mazuri na mabaya huandikwa kwa kalamu ile ile.

Swali la mantiki ndilo lililonivutia zaidi. Ujumbe ule wa ndotoni unaelezwa kwa chembe zinazoitwa takioni, ambazo mwanafizikia Gerald Feinberg alizipa jina hilo mwaka 1967. Ni chembe za kinadharia zinazodhaniwa kwenda kasi kuliko mwanga, na mpaka leo hakuna aliyewahi kuzigundua. Iwapo zingekuwepo, hesabu zinaruhusu ishara kurudi nyuma katika wakati, kwa hiyo hapo mwandishi hakubuni kiholela. Hata kitabu cha kale kinachopatikana kando ya mtungi kina milinganyo ya hisabati ambayo, kwa umri wake, hakikupaswa kuwa nayo.

Ninachokiona tofauti na wengi ni kwamba jaribio hili halikuharibika kwa maana ya kawaida. Hakuna mtaalamu mwenye kiburi anayevuka mpaka, wala mtambo unaolipuka. Wanapima vizuri, wanatafsiri vizuri, na jibu wanalolipata ni sahihi. Balaa ni jibu lenyewe. Utaratibu wao wa usalama, hata hivyo, ni aibu tupu: msaidizi mmoja anaachwaje akae usiku peke yake na kitu kisichojulikana?

Mkusanyaji wa Kanda:

Niongeze asili yake, kwani bila hiyo sifa zote anabeba Carpenter. Mswada aliutia sahihi kwa jina la kubuni, Martin Quatermass, na chuo wanachotoka wanafunzi kikaitwa Kneale, kwa heshima ya mwandishi Mwingereza Nigel Kneale, aliyemuumba profesa Quatermass wa runinga ya BBC. Kneale ndiye aliyeandika pia The Stone Tape, iliyorushwa na BBC siku ya Krismasi mwaka 1972, ambamo mafundi wanaotafuta njia mpya ya kurekodi sauti wanagundua kwamba mawe ya nyumba kuukuu yamehifadhi mzimu. Ukiitazama hiyo kwanza, utaona Carpenter alijifunza wapi kuwafungia wataalamu chumbani pamoja na vipimo vyao.

Mdadisi wa Sinema:

Nawashukuru sana. Mwalimu, hoja ya jibu sahihi sikuwa nimeifikiria, na nadhani itatuchonganisha upya. Nimesikia filamu hii ni ya pili katika tatu. Je, ni lazima nifuate mpangilio?

Mzee wa Filamu:

Marahaba Mwalimu. Mdadisi, si lazima. Ya kwanza ni The Thing na ya tatu ni In the Mouth of Madness ya mwaka 1994, lakini hazishirikiani wahusika wala hadithi. Carpenter aliziunganisha kwa sababu zote tatu zinahusu mwisho wa dunia. Mimi ningeanza na The Thing, kwa kuwa pale utaona alichokifanya alipokuwa na fedha.