Serikali kutia mkono kwa siri kwenye kura ya nchi nyingine: kuna siku itakuwa halali?

Mwana Kibokoni
Assalaam alaykum nyote. Jana baada ya Isha tuko barazani, kahawa imepita mara mbili, mzee mmoja ninayemheshimu sana akasema serikali yenye akili lazima itie mkono kwenye kura za wengine, isipotia basi imelala. Nimelikataa pale pale na nalikataa hapa. Sizungumzii balozi anayesimama kwenye maikrofoni akasema ampenda nani, huyo twamuona na twamjibu. Nazungumzia pesa ya siri, kurasa feki, barua pepe za watu kuibwa na kumwagwa hadharani kura ikikaribia, kama Urusi walivyowafanyia chama cha Democrat cha Marekani 2016. Na Marekani wenyewe walifanya yao Italia 1948, pesa za majasusi wao wa CIA zikaenda kwa chama cha waziri mkuu De Gasperi ili Wakomunisti wasishinde. Kwangu ni kosa lile lile, nia iwe nzuri iwe mbaya. Anayeona nimekosea aniambie wapi.

Nahodha wa Likoni
Hapo kwa Italia umekosea. Moscow nayo ilikuwa inawalisha Wakomunisti wa Italia pesa, sasa wewe ukikaa pembeni na mikono yako misafi ujue umeshamsaidia mmoja. Nimefanya kazi melini miaka mingi, Genoa nimefika mara kadhaa nikakaa na wazee wa bandarini, kuna wanaoshukuru mpaka leo na kuna wenye hasira mpaka leo, lakini wote wanakubali nchi ilikuwa inavutwa pande mbili. Halafu tusijifanye watakatifu. Hapa Pwani mtu anauza kura yake kwa leso moja na kilo mbili za mchele, mama zetu ndio wa kwanza kwenye foleni. Mgeni akija na mamilioni yake akute mlango uko wazi, lawama ni ya nani?

Binti Mwembe Tayari
Nahodha rudia hapo kwa mama zetu. Sema mamako, wangu umuwache. Mimi kazi yangu ni kupinda leso za watu, nazijua kwa kushika tu, na hizo za kampeni zikija nazitambua kabla sijazifungua, nyepesi, ukiinua juani waona vidole vyako upande wa pili, pindo limepigwa kombo na katikati, kwenye mji wa leso, kuna sura ya mtu anacheka. Mamangu aliletewa moja mlangoni. Akaishukuru, akaichukua, mfuo wa kwanza tu ikachuja ikatia doa shuka jeupe la kitanda, akaikata akafanya tambara la kupigia deki. Siku ya kura akaamka alfajiri akamchagua mwengine kabisa na mpaka leo hajatuambia ni nani. Huyo ndiye unayesema amejiuza? Wanaume wanaopewa pesa za mafuta ya pikipiki mbona huwataji?

Mwalimu wa Changamwe
Jamani turudi kwenye mada. Kuna mtafiti anaitwa Dov Levin alihesabu Marekani na Urusi pamoja, kuanzia 1946 mpaka 2000, akapata mara 117 walizoingilia kura za wengine, za wazi na za siri, Marekani 81 na Urusi 36. Kwa hivyo yule mzee wa barazani hajasema jambo geni, amesema linalofanyika. Swali la Mwana Kibokoni ni je, jambo hilo lafaa?

Kijana wa Kisauni
mnaenda mpaka Italia na sisi tumefanyiwa hapa hapa Kenya!! ile kampuni ya London ya kampeni, Cambridge Analytica, mushasahau? Waingereza ndio waliotuchagulia rais 2013 wakarudi 2017, mkubwa wao akanaswa na kamera ya siri ya televisheni ya Channel 4 anajigamba, na ndio maana mahakama ikafuta kura

Mwalimu wa Changamwe
Taratibu kijana wangu, umefunga vitu vitatu kamba moja. Alichojigamba yule bwana kwenye kanda iliyotoka Machi 2018 ni kwamba walibadilisha sura ya chama cha huyo rais mara mbili, wakaandika manifesto na hotuba. Alikuwa anamnadia mtu aliyedhani ni mteja, na mfanyabiashara akijisifu kwa mteja si ushahidi kwamba alimuweka rais. Pili ile ni kampuni, si serikali ya Uingereza, na waliohitaji kazi yake ni watu wetu sisi. Tatu, Mahakama ya Juu ilifuta kura ya rais tarehe 1 Septemba 2017 kwa sababu ya vile tume yetu ilivyoendesha mambo na vile matokeo yalivyopeperushwa. Makosa yetu tusimpe Mzungu.

Kijana wa Kisauni
sawa mwalimu lakini uchungu haupungui kwa kuitwa kampuni. mtu amekaa London anachimba anataka kujua sisi tunaogopa nini na tunamchukia nani halafu anatengenezea hapo. mimi 2017 nilikuwa na miaka 19, ndio kura yangu ya kwanza, nilikuwa napokea video za kutisha kwa simu kila siku, na mpaka leo sijui aliyezitengeneza ni nani. hiyo inaniuma kuliko leso

Mama wa Tudor
Binti wa Mwembe Tayari, mwanangu, umenikumbusha. Na mimi nilipata hiyo, ila yangu ilikuwa na mchele na sukari robo, na jirani yangu akaapa kwa Mola kwamba aliyekula cha mtu lazima amchague, nami nikamwambia sadaka haina deni. Nahodha ni mkubwa lakini hapo alipita. Sisi tunapanga foleni ya kura tangu saa kumi usiku, na jua hili la Mombasa.

Nahodha wa Likoni
Mama yangu shikamoo. Sikukusudia kumtukana mtu, nilikusudia kusema umasikini unauzisha. Lakini naona watu wameshika leso wamewacha hoja yangu. Nani amenijibu Italia?

Mwana Kibokoni
Nakujibu, na nakujibu kwa leso yenyewe, manake huyu Binti amesema kitu ambacho mimi jana sikukiona. Ile leso ina sura ya mtu katikati. Mamake alimjua aliyeleta, akajua anataka nini, akapima, akamnyima. Sasa yule mama wa Napoli mwaka 1948 alipoona mabango na kusikia magari ya kampeni alijua ni pesa ya nani? Angempima vipi asiyemuona? Kijana hapo juu mpaka leo hajui video zilitoka kwa nani. Ukisema Moscow nayo ililipa, sawa, wote wawili walimficha huyo mama. Kosa la wawili haliwi haki kwa sababu ni wawili.

Mwalimu wa Changamwe
Na Chile yakufaa hapo. 1964 CIA walilipa kwa siri zaidi ya nusu ya gharama za kampeni ya chama cha Eduardo Frei ili mpinzani wake wa mrengo wa kushoto, Allende, asishinde urais, na watu walikuja kuelezwa na kamati ya Seneti ya Marekani 1975, miaka 11 baadaye. Halafu 1988 ilipokuja kura ya Ndio au Hapana kuhusu jenerali Pinochet kuendelea kutawala, pesa ya Marekani ilikwenda tena kwa wapinzani lakini safari hii kwa mlango wa mbele, Bunge lao limepitisha, Pinochet mwenyewe anajua na anapiga kelele. Hapana ikashinda. Nchi moja, mtoaji mmoja. Mimi ile ya 88 naweza kuitetea mbele ya watu, ya 64 siwezi.

Nahodha wa Likoni
Ile si 73 ya Allende?

Mwalimu wa Changamwe
73 ni mapinduzi ya jeshi. Allende alishinda kura 1970.

Kijana wa Kisauni
kwa hivyo shida ni siri peke yake? Prigozhin, yule tajiri wa Urusi, alitamka waziwazi Novemba 2022 kwamba waliingilia kura za Marekani na wataendelea. na kabla ya hapo, Oktoba 2019, Facebook walifunga kurasa zilizohusishwa na yeye zilizolenga nchi nane za Afrika, Msumbiji hapa chini imo, Madagascar imo, Kongo imo. sasa alipotamka ikawa halali?

Mwana Kibokoni
La. Mwizi akijitaja baada ya kuuza mali hajarudisha kitu. Na kurasa zile zilijifanya za wenyeji, hapo ndipo penye sumu. Mtu wa St Petersburg anaandika kama yeye ni jirani yako. Mimi nikisoma maneno ya jirani nalegeza moyo, nikisoma ya mgeni nauliza anataka nini.

Nahodha wa Likoni
Basi nijibu hili. Uswidi walikuwa wanawapa ANC, chama kilichopinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, pesa miaka ya 70 na 80, na zilizoingia ndani ya Afrika Kusini zilipitishwa kwa njia za kujificha, majina hayatajwi, manake aliyeshikwa nazo alikwenda jela. Hiyo nayo ni haramu? Nimefika Durban miaka ile, nimeona benchi limeandikwa la Wazungu tu, nikasimama. Usiniambie mikono misafi.

Binti Mwembe Tayari
Nakujibu mimi. Wale walijificha askari, hawakumficha mpiga kura, manake mpiga kura hakuwepo, mtu mweusi hakuwa na kura mpaka 1994. Huwezi kuingilia kura ambayo watu wamenyimwa. Na kila mmoja alijua ANC ni nani na inataka nini, hata aliyeichukia. Usichanganye anayejificha kwa sababu atauawa na anayejificha ili nisimjue.

Nahodha wa Likoni
Hilo ni jibu, sikatai. Lakini chukua Romania basi. Desemba 2024 Mahakama ya Katiba ikafuta raundi ya kwanza nzima ya kura ya rais kwa sababu ya madai kwamba mgombea Georgescu alipandishwa kwa hila TikTok na mkono wa Urusi umo. Watu wamepiga kura, wamerudi nyumbani, wanaambiwa haikuhesabika. Ukiogopa siri sana utawanyang'anya watu sauti kwa jina la kuwalinda. Na hao waliofutiwa kura zao pia ni mama za watu.

Mwana Kibokoni
Hapo umenishika, na nimelala nikiliwaza. Bora kura irudiwe kuliko mtu aongozwe na asiyemjua, ndivyo nionavyo, ila aliyefuta aonyeshe ushahidi wote hadharani, asiseme tu usalama umegundua. Akificha ushahidi amefanya lile lile la kumficha mpiga kura.

Mama wa Tudor
Mumesema mengi. Sasa Nahodha, mtoto wa watu bado amekasirika.

Nahodha wa Likoni
Binti, niwie radhi. Mamako hakujiuza.

Binti Mwembe Tayari
Nimesikia. Lakini hapo juu bado pameandikwa mama zetu ndio wa kwanza, na anayekuja kesho atalisoma hilo, hatashuka mpaka huku chini.

Nahodha wa Likoni
Naifuta hiyo sentensi saa hii. Ya Italia siifuti.