The Namesake ni filamu ya mtoto au ya mama?

kijana_mkunazini
Asalam aleikum jamani. Nimetiliwa The Namesake kwenye flashi, ile ya Mira Nair ya 2006, wamo Irrfan Khan na Tabu. Kwa asieijua, Wabengali wawili wa Calcutta wanaozeshwa wanahamia New York wanazaa, mtoto anaitwa Gogol, jina la yule mwandishi wa Kirusi, kwa sababu baba ake, Ashoke, alinusurika ajali ya treni akiwa na kitabu chake mkononi. Sasa kila ninaposoma mtandaoni wanasema ni hadithi ya Gogol na jina lake. Sie hapa nyumbani tumetizama wakubwa kwa wadogo na hakuna aliemshughulikia huyo Gogol, macho yote kwa mama, Ashima, bi mkubwa alikuwa akimsemesha kabisa kwenye tivii. Nyie mnaonaje? Au sie tunatizama kombo?

bintiwete
Hamtizami kombo, filamu ya Ashima hiyo tokea mwanzo. Kabla hajamuona mposaji anavikuta viatu vyake nje ya mlango, vya Kimarekani, anatia miguu ndani anavijaribu, mie hapo nikajua huyu keshaolewa wazee watasema wanavotaka. Halafu New York baridi, hana mtu, asubuhi anachukua zile nafaka za boksi anatia karanga na pilipili ya unga 😂 nilicheka peke yangu maana mama mdogo wangu yupo Muscat miaka na miaka na kila anaekwenda anaagiziwa dagaa na pilipili kama Oman hakuna soko. Na ile anafua nguo za mume zinasinyaa, mume anakasirika, anakwenda kujifungia chooni analia, bwana anakuja kumbembeleza nyuma ya mlango. Ndoa yao ilifungwa pale wallahi, kule Calcutta zilikuwa sherehe tu. Tabu anazeeka mbele ya macho yako na humuoni akiigiza.

ngalawa_ya_nungwi
Mie napinga. Huyo Gogol mnamuonea, kazaliwa kule, alitaka awe nani? Baba anakwenda kusomesha Ohio peke yake, moyo unamchukua huko huko, na Gogol yule yule aliejifanya Mmarekani ndie anaekwenda kuutambua mwili, ndie ananyoa kichwa kama kwao wanavofanya baba akifa, na hakuna aliemwambia anyoe. Mchumba wake Maxine anakuja msibani na nguo nyeusi watu wote wamevaa nyeupe, maskini kwao ndo adabu, na jamaa anamtizama kama mgeni wakati juzi tu alikuwa anahamia kwao. Hapo ndo penye filamu. Vijana wetu waliozaliwa Uingereza wakija likizo twawacheka Kiswahili chao, siku ya maziko unawakuta wamo safu ya mbele, nani kawafunza?

babu_wa_majestic
Niingie kidogo. Sie tuliolelewa na filamu za Kihindi kwenye majumba ya sinema ya Majestic na Empire, tumezowea nyimbo na jambazi kupigwa mwisho, hii kwa mara ya kwanza itakupa usingizi. Lakini huyu Mira Nair mtu wa jirani. Mumewe ni Mahmood Mamdani, kakulia Kampala na kasomesha Chuo Kikuu cha Dar miaka ya 70. Muitizame na Mississippi Masala yake ya 1991, Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 wanaishia Mississippi, binti yao anampenda Denzel Washington, hapo ndo utaona Mhindi na ubaguzi wake bila ya kufunikiwa. Sasa The Namesake aliifanya ana msiba, mkwewe, mama wa huyo Mamdani, alifia Marekani wakamzika huko huko kwenye baridi, ndo akakisoma kitabu cha Jhumpa Lahiri kilichozaa filamu hii. Kwa hivo bi mkubwa wako hakukosea kulia na mama. Ashoke wa kwenye filamu angalau majivu yake yalirudi kwao.

kijana_mkunazini
Ahsante babu, hilo la mkwewe sikulijua na limenibadilishia mambo. Ngalawa nawe nimekuelewa, ila nusu ya mwisho imekwenda mbio mno, ndoa ya Gogol na Moushumi inavunjika kabla hatujamjua vizuri, anaonekana mbaya tu na yule Mfaransa wake.

bintiwete
Hapo kweli, Moushumi kaonewa. Mwanamke alietaka kukimbia kote kuwili angestahiki filamu yake mwenyewe.

kijana_mkunazini
Bi mkubwa nae ana lake, anasema Ashima vipi anauza nyumba anarudi Calcutta kuimba na mtoto ndo kwanza kaachika.

bintiwete
Mwambie mtoto mzima huyo, akapike mwenyewe 😂 Babu, hiyo Mississippi Masala unayo? Wiki ijayo nakuja Unguja, nitakuja na flashi.